Uso Chini ya Shela la Zelinda

Juzi kinyozi wangu aliniacha na povu kwenye shavu moja, wembe hewani, akauliza, "Oreste, niambie kwanza. Mkeo alimwona au hakumwona?"

Nikamwambia anyoe. Habari ile inauma, wala si ya kusimuliwa na mtu aliyeshikiwa wembe shingoni.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki kabla hajalisoma: mimi ni Oreste Bellugi, muuza vitambaa wa hapa Siena. Mimi na mke wangu Lavinia hatukujaliwa mtoto. Tulijaliwa wazimu. Tangu tuoane tumekuwa tukikusanya vipande vya picha moja ya altare ya kanisa, kazi ya mafundi wa miaka mia sita iliyopita, yenye dhahabu nyuma ya kila kichwa. Wajanja fulani waliipasua kwa msumeno zamani, wakaiuza kipande hapa, kipande kule.

Watakatifu wanne tuliwapata. Bartholomayo na kisu chake tulimkuta kwa mwoka mikate, amefanywa mlango wa kabati. Katarina na gurudumu lake alikuwa ameziba dirisha la banda la kuku. Yohane na Antoni msiniulize, hao walinigombanisha na ndugu zangu wote. Sasa wanasimama ukutani sebuleni kwetu, wawili kushoto, wawili kulia, na katikati palikuwa na msumari mtupu. Mwenye mahali pake, Mama Maria na Mwanawe, hatukuwa tumempata bado.

Kisha macho ya Lavinia yakaanza kufa. Yalianzia katikati. Akikutazama usoni, uso haupo. Anaona masikio yako, anaona mlango, anaona paka anayepita pembeni. Daktari akasema pembeni nako kutaziba kabla ya mavuno ya zabibu.

"Basi nataka kitu kimoja," Lavinia akaniambia. "Nimwone Mama katikati ya watu wake. Nimwone uso. Baada ya hapo giza lije likitaka."

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi tulivyompata, juu ya kitanda cha mjane mkulima kule mlimani Amiata, Mama Zelinda. Ila uso hatukuuona. Mama Zelinda amemfunika kwa shela lake la harusi, na shela hilo halifunuliwi ila mtoto akizaliwa nyumbani humo, au mtu akikata roho. Tuliona nusu ya chini tu: joho la buluu, na sakafu ya miraba myekundu inayokuja kuungana na miguu ya Yohane wetu. Lavinia alipitisha kidole kwenye ukingo wa ubao, pale msumeno ulipopita, akalia kama mtoto.

Kuuza, mama wa watu alikataa katakata. "Mama hauzwi, bwana." Lakini alipoambiwa habari za macho, alijifuta uso kwa aproni, akasema, "Kuazimwa ataazimwa. Jumamosi Kuu, asubuhi. Jioni awe amerudi, padri anakuja kubariki nyumba. Siwezi kumwonyesha padri ukuta mtupu."

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Mnajua Wiki Kuu huko vijijini. Padri anapita nyumba kwa nyumba na maji ya baraka, na wanawake wanakuwa kama wamepandwa na mashetani. Magodoro nje, kuta zinapakwa chokaa, sufuria za shaba zinasuguliwa mpaka unajiona meno. Padri akikuta buibui kwako, mpaka Pasaka ijayo utasemwa.

Nilimkuta Mama Zelinda amesimama mlangoni, amevaa gauni jeusi la misa.

"Umechelewa, bwana wa vitambaa," akaniambia hata sijamaliza kumwamkia. "Mwenzio ameshavaa, anakungoja."

Picha ilikuwa kitandani, imefungwa kwa shuka ya kitani, na juu yake utepe mwekundu wa hariri. Ilivyolazwa, utadhani ni bibi harusi amepumzika.

"Nimemtayarisha," akasema, na uso wake wote ukang'aa.

"Asante, mama. Umejisumbua bure."

"Bure? Mtu anakwenda mjini, kwa watu, utamtoa hivi hivi alivyo? Wangesema Zelinda hana adabu."

Nikacheka. Nilidhani anasema shuka na utepe. Neno lile, nimemtayarisha, sasa hivi nikilisikia kwa mtu yeyote, hata akiwa anasema saladi, nainuka mezani.

Nikanyoosha mkono nifungue kidogo, nichungulie. Akanichapa kiganja.

"Koma! Atafunuliwa mbele ya mwenye shida. Wewe una shida gani? Macho unayo."

Mwanawe, Settimio, jitu zima la mabega mapana, alikuwa na kilori anachobebea nguruwe. Alikuwa amekifagia na kutandika majani makavu.

"Harufu usiijali, bwana," akaniambia akinifungulia mlango. "Mama Maria mwenyewe alijifungulia zizini, hatashangaa."

"Settimio, funga domo lako," mama yake akasema. "Mbele yake tena!"

Tukabanana watatu mbele, picha magotini mwa Mama Zelinda, na miguuni pake kapu la mayai ya kubarikiwa. Katikati ya mayai niliona chupa iliyozibwa kwa tambara.

"Na hiyo nini, mama?"

"Ya Mtoto," akajibu.

Nikadhani ni maji ya baraka. Nikaridhika, mjinga mimi.

Njia nzima nilimsumbua kwa maswali. Yeye alizaliwa chini ya picha ile, akazaa chini yake, na mumewe alikata roho akiitazama. Kama kuna mtu duniani aliyeujua uso ule, ni yeye peke yake.

"Ukoje, mama?"

"Ukoje vipi? Uso wa mama."

"Macho yake?"

"Yanakutazama."

"Anatabasamu?"

Akafikiri. Kilori kikaruka shimo, mayai yakagongana. "Inategemea wewe umefanya nini," akasema.

Settimio akacheka mpaka usukani ukayumba. Mimi nami nikacheka. Sijacheka tena vile.

Tulipofika nyumbani, hata sijaweka ufunguo mfukoni, sauti ya Lavinia ikatoka chumbani. "Oreste! Amekuja?"

"Amekuja."

Akajibu kutoka humohumo, "Usiniite mpaka umtundike. Nachana nywele. Siwezi kuonana naye na kichwa hiki."

"Umesikia?" Mama Zelinda akaniambia, akaninyooshea kidole. "Huyo ndiye mwenye adabu. Jiko lenu liko wapi?"

Nikamwonyesha. Nikadhani mzee ana baridi, anataka kukaa karibu na moto. Akaenda na kapu lake.

Mimi na Settimio tukaitoa shuka, tukaiinua picha na shela lake, tukaitundika kwenye ule msumari. Nawaambieni ukweli, mraba mwekundu wa sakafu yake ulikutana na mraba wa Yohane kama vidole vya mikono miwili. Upande wa pili, gurudumu la Katarina, ambalo siku zote lilikuwa nusu, likawa duara. Nililia mbele ya mfuga nguruwe, sikuona haya.

"Hongera, bwana," Settimio akasema kwa upole, akavua kofia.

Sasa, mhariri wangu hapendi nikieleza sana, anasema wasomaji wanataka machozi, maelezo nibaki nayo dukani. Lakini hili lazima mlijue. Mimi na Lavinia tuna namna yetu tangu ugonjwa uanze. Yeye haangalii kwanza. Mimi namwambia kilichopo, halafu yeye anageuza kichwa upande na kukitafuta kwa pembe ya jicho, kwa kuwa ameshajua anachotafuta. Hata mezani ni hivyo. Nyama iko upande wa mlango, maharage upande wa dirisha, haya, karibu, anakula. Kwa hiyo ilikuwa lazima mimi niuone uso ule kabla yake. Ningemweleza nini?

Mama Zelinda alikuwa jikoni. Nikalishika shela, nikalifunua.

Uso ulikuwa wa kijani.

Sikuelewa nilichokiona. Nilidhani ni mwanga wa dirisha. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia. Kijani kilekile, cha maiti aliyetolewa mtoni. Mashavu hakuna, mdomo hakuna, pua ni mstari tu. Macho yalikuwa mabaka mawili, moja limeburuzwa kuelekea sikioni.

Wanaokusanya picha hizi wanajua ni nini. Mafundi wa zamani hawakuanza na rangi ya ngozi. Walipaka uso wote udongo wa kijani kwanza, kisha juu yake waridi na nyeupe, tabaka jembamba kama ganda la kitunguu, na ule ukijani wa chini ndio unaofanya shavu lionekane lina damu. Ukisugua kwa nguvu, damu yote inatoka na tambara. Unabaki na udongo.

Nimewaona wengi madukani, akina Mama Maria waliosuguliwa hivyo. Mimi na Lavinia tulikuwa tukiwacheka. "Huyu kala samaki wa jana," Lavinia alikuwa akininong'oneza, nami natoka nje nisiangue kicheko mbele ya mwenye duka. Mungu anisamehe. Siku ile nilimwona wa kwetu, na alikuwa mmoja wao.

Kilichonimaliza zaidi ni Mtoto. Mtoto hakuguswa. Alikuwa mweusi kwa moshi wa mishumaa, lakini chini ya moshi ule alikuwa mzima, amenona, mashavu yake mekundu, kidole kimoja kimeshika shavu la mama yake. Shavu lenyewe halikuwepo.

"Settimio," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Amefanywa nini huyu?"

"Kwani vipi? Ameoshwa."

"Na nani?"

"Na mama. Jana, mchana kutwa. Alichemsha maji ya majivu, yale ya kufulia mashuka, akamsugua kwa tambara. Masizi yalitoka meusi kama sukari guru, bwana!"

"Jana? Ijumaa Kuu? Hakuna mwanamke anayefua Ijumaa Kuu!"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema nguo ndizo zilizokatazwa, Mama hakukatazwa." Akasogea, akatazama kwa makini. Kule kwao chumba kile kina kidirisha cha kupitisha paka. Hapa kwetu jua la asubuhi lilikuwa likiingia lote. Nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo. "Bwana. Hiki kijani ni cha nini?"

Nikamweleza kwa maneno machache.

Akakaa chini. Jitu lile lilikaa chini sakafuni, kofia mkononi.

"Haitarudi?"

"Hairudi."

"Hakuna fundi?"

"Fundi atapaka uso wake mwenyewe. Wa huyu umebaki kwenye tambara la mama yako."

Akanishika suruali, mwanamume mzima. "Usimwambie. Nakuomba kwa jina la huyo huyo. Macho yake yana utando, hajaona. Alimfunika shela akiwa bado ana maji, akaniambia, Settimio, ameng'aa. Amekesha usiku kucha akiimba, bwana. Ukimwambia amemuua Mama yake kwa mikono yake, kabla ya Pasaka nitamzika."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kwenda jikoni nimshike yule bibi mabega nimtikise, nimuulize nani alimtuma. Lakini nani alimtuma? Picha ile ilikaa juu ya kitanda chake miaka yote bila kuguswa. Aliisugua kwa sababu yetu, kwa kuwa inakuja kwa watu. Angetuona watu wa kawaida tusiostahili heshima, ingekuwa nzima mpaka leo.

"Mbona Mtoto hakumwosha?" nikauliza, basi tu.

"Alisema mtoto mdogo haogeshwi kwenye baridi ya mlimani. Ataogeshwa mjini, kwenye nyumba yenye moto." Akageukia mlango wa jikoni. Tukatazamana.

Chupa.

"Settimio, kimbia jikoni! Mweleze unavyojua wewe, asiguse chochote! Mpe divai, mpe mkate, mkalishe!"

Akatoka mbio. Nikalishusha shela haraka, na papo hapo mlango wa chumbani ukafunguka.

Lavinia alikuwa amevaa gauni la kijivu, lile la hariri nililomkatia mwenyewe dukani, na nywele amezibana nyuma vizuri. Alitembea akigusa ukuta kwa ncha za vidole. Akasimama mahali pake, nyuma ya kiti, uso ameelekeza chini kama mtu anayengoja kuitwa kwa padri.

"Ametoshea?"

"Ametoshea."

"Na gurudumu la Katarina?"

"Limekuwa duara."

Akaweka mkono mdomoni. "Mfunue, Oreste. Mfunue, halafu uniambie. Sitaangalia mpaka umalize."

Nikafunua. Nilikuwa na mambo mawili ya kusema, na lolote kati ya hayo lingemvunja mtu. Nikajiambia, daktari alisema pembeni mwa jicho rangi hufifia, mtu hatofautishi sana kijani na wekundu. Nikajiambia, nikimpa uso mzuri kwa maneno, atautafuta huo, na huo ndio atakaouona. Hivi ndivyo nilivyojidanganya, wasomaji wangu. Nikamdanganya na yeye.

"Ni kijana," nikaanza.

"Kijana kiasi gani?"

"Hajafika ishirini. Uso mrefu kidogo. Kidevu kina kishimo."

"Kishimo!" Akacheka kidogo. "Endelea."

"Macho ya kahawia. Hakutazami moja kwa moja, ameinamisha, kama mtu mwenye haya. Mdomo umefumba lakini ukiutazama sana unaona kama anazuia kucheka. Shavu la kushoto lina wekundu kuliko la kulia."

"Kwa nini la kushoto?"

"Sijui. Labda jua lilimpiga upande huo."

Nilikuwa kama nimepagawa. Maneno yalikuwa yakitoka yenyewe na sikujua yanatoka wapi, mpaka nilipoliona lile shavu jekundu kichwani mwangu, nikajua. Ilikuwa asubuhi ya Mei, dukani kwa baba yangu. Alikuja msichana kununua utepe, na jua la mlangoni lilimpiga upande mmoja. Mama yake alikuwa mfua nguo, akiwafulia nusu ya mtaa, na binti alikuwa akimsaidia. Alificha mikono nyuma ya mgongo wakati wote. Baadaye sana, tulipokwisha kuchumbiana, aliniambia kwa nini: mikono ilikuwa inanuka maji ya majivu, na harufu ile ilikuwa haitoki hata kwa ndimu.

Lavinia akanikatiza.

"Oreste," akasema. "Unamsema nani?"

"Yeye. Huyu hapa."

"Kishimo cha kidevu. Shavu la kushoto." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na alikuwa anatabasamu. "Huyo ni mimi, mzee wewe."

"Basi mnafanana," nikasema, na machozi yakanibubujika, bahati nzuri nyuso yeye haoni.

"Maisha yote kumbe tulikuwa tunamtafuta mtu anayefanana na mimi?"

"Ndivyo ilivyo."

Akavuta pumzi. Akashika kiti kwa mikono miwili, na nikaona shingo inaanza kugeuka, taratibu, upande wa dirisha, kama anavyofanya akitaka kukitafuta kitu kwa pembe.

"Ngoja!" nikasema. "Mwanga... jua ni kali mno, lisubiri lipite."

"Siku zote unaniambia mwanga hautoshi, leo umezidi?"

"Ngoja kidogo tu, mpenzi."

Akairudisha shingo. Kisha akatikisa kichwa. "Kweli. Hata mimi nimekosa adabu. Nimwone kabla sijamshukuru mwenyewe? Mwite yule mama."

"Anapumzika jikoni, amechoka na safari, usi..."

"Mama Zelinda!" akaita kwa sauti yake yote. "Mama! Njoo huku, nakuomba!"

Nilisikia kiti kikiburuzwa jikoni. Nikamsikia Settimio akisema, "Mama, kaa, mama, kunywa kwanza," na mama yake akijibu, "Niache, mwenye nyumba ananiita, wewe umelelewa wapi?" Kisha hatua zake kwenye korido.

Nililishusha shela kwa mkono mmoja. Kulia kwangu Lavinia, kushoto kwangu mlango, na mimi katikati na uso ule nyuma ya mgongo wangu.

Mama Zelinda akaingia akijifuta mikono kwenye aproni. Ilikuwa mibichi. Settimio alikuwa nyuma yake, rangi imemtoka, ananitikisia kichwa kwamba ameshindwa.

"Binti yangu," Mama Zelinda akasema. "Umemwona?"

"Bado, mama. Mume wangu amenieleza. Nilitaka kwanza nikushukuru. Nipe mikono yako."

"Mikono yangu ya nini, mwanangu, imekunjamana kama magome."

"Nipe."

Akampa. Lavinia akaishika yote miwili kwa pamoja, akainama, akainua ile mikono mpaka mdomoni, kama mtu anavyobusu mikono ya mama yake mzazi siku ya kuondoka kwao.

Hakuibusu.

Alisimama hivyo hivyo, mikono ya yule bibi mbele ya uso wake, midomo haijagusa. Niliona mabega yake yakikaza. Akavuta pumzi mara moja, polepole, kwa pua. Kisha akavuta tena.

"Mama," akasema, na hakuinua kichwa. "Harufu hii naijua. Haya ni maji ya majivu. Umekuja kwangu Jumamosi Kuu na mikono yako bado mibichi. Umekuwa ukifua nini?"

Settimio akafumba macho.

Mama Zelinda akatabasamu. Tangu tulipotoka kule mlimani alikuwa akingoja mtu amuulize.